Waliokasirishwa na mchujo: hesabu ya kura zao ifikapo Novemba

Ndugu wahariri, watangazaji wa zamu za usiku, na ninyi vijana wa vyuo vya uandishi wa habari mliojaza viti vya nyuma, asanteni kwa kuja.

Kila baada ya miaka minne, mwezi wa tatu ukianza tu, vyumba vyetu vya habari hupokea taarifa ya sura ileile kutoka Marekani. Mgombea fulani ameshindwa mchujo. Wafuasi wake wana hasira. Mwandishi kasimama nje ya kituo cha kura, kahoji watatu, na wote wanaapa kwamba Novemba hawatampigia aliyewashinda. Kisha mtangazaji anafunga: huenda hasira hizo zikaamua nani ataingia Ikulu ya Marekani. Nimeombwa nieleze kama hilo "huenda" lina uzito. Lina uzito, ila mara chache sana, na hata linapokuwa nao, hesabu tunayoisoma hewani huwa siyo.

Tuanze na neno lenyewe. Msikilizaji wa Kisumu akisikia "kura za mchujo" anawaza tiketi ya ubunge au ya uwakilishi wadi, na anajua kwamba ndani ya ngome ya chama, ukishaipata tiketi umemaliza kazi. Wa Mwanza au Tanga anawaza kura za maoni, ambazo vikao vya juu vikiketi, jina la kwanza linaweza kukatwa na la tatu likarudi. Mchujo wa urais wa Marekani haufanani na yoyote kati ya hizo. Katika majimbo mengi unaendeshwa na serikali ya jimbo: karatasi zinachapwa kwa fedha ya umma, wasimamizi ni wale wale wa uchaguzi mkuu, na sheria ya jimbo ndiyo inayosema nani aingie. Pennsylvania, kwa mfano, lazima daftari la wapiga kura lioneshe kwamba umejiandikisha kwa chama husika. Hakuna kadi wala ada, ni alama tu kwenye daftari, lakini bila alama hiyo hupigi. Michigan na Wisconsin daftari halina chama. Unafika kituoni, unaamua siku hiyohiyo utashiriki mchujo wa chama gani. Jirani yako aliyempigia Mrepublikan maisha yake yote anaweza kuingia mchujo wa Wademokrati asubuhi, akatoka, akarudi zake nyumbani, na asivunje sheria yoyote.

New York ndiyo iliyokuwa kali zaidi katika miaka ya karibuni. Mchujo wake wa 2016 ulikuwa tarehe 19 Aprili, na aliyetaka kubadili chama ili ashiriki alitakiwa awe amefanya hivyo kufikia tarehe 9 Oktoba 2015, zaidi ya miezi sita nyuma. Watoto wawili wa Donald Trump, Ivanka na Eric, waliikosa tarehe hiyo na hawakuweza kumpigia baba yao.

Kwa hiyo ukiletewa takwimu za "waliompigia fulani kwenye mchujo," swali la kwanza ni: mchujo wa jimbo gani, na mlango wake ulikuwa wazi kiasi gani? Pale ulipo wazi, miongoni mwa hao "wafuasi wenye hasira" wamo watu ambao chama hakikuwahi kuwa nao. Pale uliofungwa, wenye hasira zaidi pengine hawamo kabisa kwenye hesabu, kwa sababu waliachwa mlangoni.

Kuna picha nyingine tunayoibeba kutoka kwetu na inatupotosha. Watanzania wanakumbuka Julai 2015: Edward Lowassa jina lake likakatwa na CCM Dodoma, na kabla mwezi haujaisha akawa Chadema, akagombea urais na kupata karibu asilimia 40. Aliondoka na watu wake, na watu wake wakawa na pa kwenda. Marekani aliyeshindwa mchujo hana njia rahisi hivyo. Majimbo mengi yana sheria za kumzuia aliyeshindwa kwenye mchujo asirudi kwenye karatasi ya Novemba kupitia dirishani, na hata pale sheria hizo hazimgusi mgombea urais, kalenda inamgusa. Texas mwaka 2024 ilimtaka mgombea huru wa urais alete saini 113,151 kufikia tarehe 13 Mei, tena za watu ambao hawakupiga kura kwenye mchujo wowote mwaka huo. Someni tena sharti hilo la mwisho. Wafuasi wako waliojitokeza kukupigia mchujo ndio haohao wasioruhusiwa kukutilia saini.

Aliyekasirika, basi, mara nyingi anabaki bila mgombea wake. Novemba ikifika ana njia nne: arudi kundini, avuke ampigie mpinzani, apigie chama kidogo au aandike jina kwa mkono, au asipige kura ya urais kabisa, ama kwa kubaki nyumbani ama kwa kuacha nafasi hiyo tupu na kujaza zilizobaki. Kwa hesabu, njia hizi hazina uzito sawa, na hapa ndipo taarifa nyingi huharibika. Anayevuka anahesabika mara mbili, kwa sababu upande mmoja umepungukiwa na kura na upande wa pili umeongezewa kura hiyohiyo. Anayesusa au kupigia chama kidogo anahesabika mara moja tu.

Chukueni kalamu, tufanye Michigan ya 2016. Trump alimshinda Hillary Clinton kwa kura 10,704. Gawa kwa mbili, ongeza moja: 5,353. Watu 5,353 wasingevuka, jimbo lingekuwa la Clinton. Wale wa kususa wangehitajika 10,705. Wisconsin pengo lilikuwa 22,748, kwa hiyo wavukaji 11,375. Pennsylvania 44,292, wavukaji 22,147. Jumlisheni: 38,875, kati ya kura takriban milioni 137 zilizopigwa nchi nzima. Majimbo hayo matatu yalibeba kura 46 za wajumbe wa uchaguzi, wale ambao kila jimbo lina idadi yake na ndio wanaomchagua rais rasmi. Yahamisheni, Trump anashuka kutoka 306 hadi 260, Clinton anapanda kutoka 232 hadi 278, na 270 ndiyo inayomfanya mtu rais.

Sasa wafuasi wa Bernie Sanders, aliyeshindwa na Clinton kwenye mchujo wa Wademokrati. Utafiti mkubwa wa vyuo vikuu, uliohoji watu zaidi ya 64,000 na kisha kulinganisha majibu yao na daftari la wapiga kura kuona nani kweli alipiga, ulionesha kwamba takriban asilimia 12 ya waliompigia Sanders kwenye mchujo walimpigia Trump Novemba. Mwaka 2017 Brian Schaffner, mmoja wa watafiti wake, alichambua majimbo yale matatu: karibu asilimia 8 Michigan, asilimia 9 Wisconsin, asilimia 16 Pennsylvania. Sanders alikuwa amepata kura 599,000 hivi Michigan, 570,000 Wisconsin, 732,000 Pennsylvania. Zidisheni. Michigan inatoka watu 48,000, Wisconsin 51,000, Pennsylvania 117,000. Kila moja inazidi pengo lake, achilia mbali nusu ya pengo. Vichwa vya habari vikajiandika vyenyewe: wafuasi wa Sanders wamempa Trump urais.

Kuzidisha kulikuwa sahihi. Kusoma ndiko kulikokosewa, ingawa si pale wengi wanapodhani.

Wakosoaji wengi hukimbilia ukubwa wa sampuli. Ni kweli kwamba watu 64,000 nchi nzima, ukichuja ubaki na jimbo moja, kisha walioshiriki mchujo wa Wademokrati, kisha waliompigia Sanders tu, unabaki na kiganja cha watu. Chukulia wamebaki 150. Asilimia 8 ya Michigan kwa watu 150 inaweza kuwa chochote kati ya 4 na 12, yaani watu 22,000 au 74,000. Huo ni upana mkubwa, na mtangazaji anayesoma "watu 47,915" kwa sauti ya uhakika anasoma tarakimu ambazo hazipo. Lakini angalieni: hata mkishuka hadi 22,000, bado ni zaidi ya mara nne ya wale 5,353. Sampuli ndogo haiwaokoi wanaotaka kuipuuza hoja. Hata utafiti mwingine wa mwaka huohuo uliopata nusu tu ya ile asilimia 12 hauwaokoi.

Kasoro iko kwenye dhana kwamba watu hao walikuwa wa Clinton, kisha akawapoteza. Schaffner mwenyewe alionesha kwamba waliotoka kwa Sanders kwenda kwa Trump hawakufanana na wafuasi wengine wa Sanders. Wengi hawakujiona Wademokrati, wengi hawakumkubali hata Rais Obama aliyekuwa madarakani, na maoni yao kuhusu masuala ya rangi yalikuwa mbali na ya wenzao. Mtu wa namna hiyo hakuachana na chama kwa sababu Sanders alishindwa. Alikuwa keshaondoka, akapita mchujoni njiani.

West Virginia inaonesha jambo hili waziwazi kuliko jimbo lolote. Huko wapo maelfu ya watu walioandikwa Wademokrati tangu enzi za wazazi wao na vyama vya wachimba makaa, lakini kwa urais wamekuwa wakipigia Republican kwa miaka. Tarehe 8 Mei 2012, kwenye mchujo wa Wademokrati, Rais Obama, aliyetafuta muhula wa pili, alipambana na mfungwa aliyekuwa gerezani Texas na jina lake lilifika kwenye karatasi kwa kujaza fomu na kulipa ada. Mfungwa yule alipata karibu asilimia 41. Kwa mantiki ya vichwa vyetu vya habari hizo zilikuwa dalili za maafa. Novemba Obama alishindwa West Virginia, kama kila mtu alivyojua atashindwa, na akachaguliwa tena kuwa rais bila taabu. Miaka minne baadaye Sanders akamshinda Clinton jimboni humo kwa zaidi ya alama 15, na waandishi wakaandika kuhusu mapinduzi ya mrengo wa kushoto kwenye migodi. Ilikuwa kura ya kupinga, ikampata aliyesimama karibu.

Kisha kuna 2008, ambayo kila anayeandika kuhusu 2016 angepaswa kuibandika ukutani. Clinton na Obama waligawana mchujo karibu sawa kwa sawa, kila mmoja na kura zaidi ya milioni 17. Machi mwaka huo shirika la utafiti wa maoni la Gallup liliwauliza wafuasi wa Clinton watafanyaje Obama akipita. Asilimia 28 walisema watampigia John McCain, mgombea wa Republican. Wafuasi wa Obama waliosema watavuka kama Clinton angepita walikuwa asilimia 19. Kulikuwa na vikundi vilivyojiapiza hadharani, na mtangazaji wa redio Rush Limbaugh alikuwa akiwahimiza Warepublikan waingie mchujo wa Wademokrati wampigie Clinton ili vita irefuke, jambo linalomaanisha kwamba baadhi ya "wafuasi wa Clinton" waliovuka baadaye walikuwa wanarudi kwao tu. Novemba, mahojiano ya waliotoka vituoni yalionesha waliovuka ni kama asilimia 16. Tafiti nyingine zilizowafuatilia watu walewale tangu mchujo zilipata kama robo. Chukueni yoyote kati ya hizo: uvujaji wa 2008 ulikuwa sawa na wa 2016 au mkubwa zaidi. Na Obama alipata kura 365 za wajumbe dhidi ya 173.

Ndoo zote mbili zilivuja. Moja ilikuwa imejaa, nyingine ilikuwa na maji ya kufunika kitako tu. Kwa hiyo kusema asilimia 12 walivuka hakumwambii msikilizaji kitu mpaka umwambie kawaida ni ngapi, na mpaka umwambie wangapi walivuka kutoka upande wa pili. Mwaka 2016 Warepublikan nao walikuwa na waliokasirika. John Kasich na Marco Rubio waliacha nyuma watu wasiomtaka Trump, na sehemu ya kutosha ya watu wa Kasich ilimpigia Clinton. Anayetaja njia moja bila kutaja ya pili ametoa nusu ya habari.

Je, wafuasi wa Sanders waliamua uchaguzi wa 2016? Walitosha kuuamua. Lakini waliompigia Jill Stein wa chama cha Green walitosha pia Michigan, 51,463, na walitosha Wisconsin na Pennsylvania. Karatasi za Michigan zilizoachwa tupu kwenye nafasi ya urais zilikuwa zaidi ya 75,000, mara saba ya pengo. Pengo likiwa jembamba hivyo, kila kundi dogo linatosha, na kila mwenye kisasi anaweza kuchagua kundi analotaka kulilaumu. Nguvu iko kwenye wembamba wa pengo. Hasira ipo kila mwaka. Pengo la namna ile halipo kila mwaka.

Kinachowarudisha watu kundini kinafahamika vizuri, na kimojawapo ni muda. Mwaka 2008 mchujo ulikwisha tarehe 3 Juni, Clinton akakubali kushindwa tarehe 7. Tarehe 27 mwezi huohuo walisimama jukwaa moja na Obama katika kijiji cha New Hampshire kiitwacho Unity, maana yake umoja, kilichochaguliwa si kwa jina tu: kwenye mchujo wa Januari kila mmoja wao alipata pale kura 107 kamili. Agosti, katika mkutano mkuu wa Denver, Clinton mwenyewe ndiye aliyesimama katikati ya kuita majimbo akaomba Obama apitishwe kwa sauti moja. Mwaka 2016 Sanders alimuunga mkono Clinton tarehe 12 Julai. Siku kumi baadaye barua pepe za makao makuu ya chama zilimwagwa hadharani, zikiwaonesha watendaji wakimbeza Sanders, na mwenyekiti wa chama akatangaza kujiuzulu siku moja kabla mkutano mkuu haujafunguliwa Philadelphia. Wajumbe wa Sanders walizomea ukumbini huku kamera zikiwaka. Lakini msisahau kwamba wiki iliyotangulia, kwenye mkutano mkuu wa Warepublikan Cleveland, Ted Cruz, aliyeshindwa na Trump kwenye mchujo, alikuwa amepanda jukwaa la Trump akawaambia watu wapige kura kwa dhamiri zao, akazomewa naye. Warepublikan walikuwa wamepasuka angalau kama wenzao. Wakashinda.

Tunapenda pia kusema rais anayepata mpinzani mzito ndani ya chama chake hushindwa. Orodha inavutia: Ford alipambana na Reagan 1976, Carter na Ted Kennedy 1980, Bush mkubwa na Pat Buchanan 1992, wote wakashindwa. Johnson hakungoja hata hivyo. Baada ya Eugene McCarthy kupata asilimia 42 New Hampshire mwaka 1968 alijitoa ndani ya wiki tatu. Tatizo ni kwamba wapinzani wazito hawajitokezi dhidi ya rais mwenye afya. Carter alikuwa na mateka Tehran na mfumuko wa bei, na Reagan alimshinda kwa kura 489 za wajumbe dhidi ya 49. Wafuasi wote wa Kennedy wangemrudia asingeokoka. Kennedy alikuwa homa. Malaria ilikuwa kwingine.

Kwa maoni yangu 1976 ndiyo yenye hoja nzito zaidi, na ajabu ndiyo inayotajwa kidogo. Ford alimshinda Reagan kwenye mkutano mkuu wa Kansas City kwa wajumbe 1,187 dhidi ya 1,070, ikihitajika 1,130. Ulikuwa umebaki muda wa miezi miwili na nusu. Novemba Carter alipata kura 297 za wajumbe, Ford 240. Ohio ilikuwa na kura 25 za wajumbe na Ford aliipoteza kwa kura 11,116. Hawaii ilikuwa na 4, pengo kura elfu 7 na ushei. Kwenye mchujo wa Ohio, Reagan alikuwa amepata kura takriban 420,000. Wagawe: hata kama hasira ya watu wa Reagan ilikuwa ya kususa tu bila kuvuka, asilimia 3 yao ilitosha kuipindua Ohio. Na kuna jambo dogo la ajabu. Ford alishinda jimbo la Washington, lakini mjumbe mmoja wa jimbo hilo wa uchaguzi, siku ya kupiga kura rasmi, alimwandika Reagan. Ndiyo maana Ford ana 240 na si 241. Mkiweka hiyo moja, na 25 za Ohio, na 4 za Hawaii, mnapata 270 kamili. Bila shaka kulikuwa na kashfa ya Watergate na msamaha ambao Ford alimpa Nixon, ambao uliwakasirisha watu wengi kuliko mchujo wowote. Ila pale ambapo kila kura ilikuwa na uzito, mkasirika mmoja wa mchujo anajulikana hadi kwenye kumbukumbu rasmi.

Sitakaa sana kwenye 1912. Theodore Roosevelt alishinda sehemu kubwa ya michujo michache iliyokuwapo wakati huo, chama kikampa tiketi Taft, Roosevelt akaunda chama chake. Akapata asilimia 27, Taft 23, na Woodrow Wilson akapita na kura 435 za wajumbe kwa asilimia 42 tu ya kura za wananchi. Hiyo ndiyo Lowassa yao. Haijarudiwa kwa ukubwa ule, na masharti niliyoyataja ya saini na tarehe ni sehemu ya sababu.

Tuje 2024, maana humo ndimo mengi yetu yaliandikwa. Nikki Haley, mpinzani wa Trump kwenye mchujo wa Republican, alisimamisha kampeni tarehe 6 Machi. Tarehe 23 Aprili, wiki saba baadaye, Pennsylvania ilimpa kura zipatazo 158,000, kama asilimia 16. Waandishi waliweka tarakimu hiyo kando ya 80,555, pengo ambalo Joe Biden alishinda nalo Pennsylvania 2020, wakaandika kwamba Trump yuko hatarini. Na mchujo wa Pennsylvania umefungwa, kwa hiyo hoja ya wavamizi wa nje haikuwepo. Ilionekana safi.

Kosa lilikuwa kuweka vipimo viwili tofauti kwenye mizani moja. Zile 80,555 ni tofauti ya kura mwaka 2020. Zile 158,000 ni watu, na kuna wengi miongoni mwao walioandikwa Warepublikan lakini walikuwa wamempigia Biden mwaka huo huo wa 2020. Hao tayari wamo ndani ya zile 80,555. Ukiwahesabu tena unawahesabu mara mbili. Kinachotakiwa ni wale waliompigia Trump 2020, wakampigia Haley 2024, na hawatamrudia Novemba. Hao ni kipande cha kipande. Haley alipata kura nyingi kwenye kaunti zinazoizunguka Philadelphia. Novemba mojawapo ya kaunti hizo, Bucks, ilimpa ushindi Trump, mara ya kwanza kwa mgombea urais wa Republican tangu 1988, na jimbo zima akalichukua kwa takriban kura 120,000. Nchi nzima, mahojiano ya vituoni yalionesha Warepublikan waliompigia Kamala Harris, aliyechukua nafasi ya Biden kwenye tiketi ya Wademokrati, ni kama asilimia 5. Huo ni uvujaji wa kawaida kabisa.

Upande wa pili palikuwa na Michigan. Tarehe 27 Februari 2024, wapiga kura zaidi ya 101,000, asilimia 13, walichagua kwenye karatasi ya Wademokrati nafasi ya kutoegemea mgombea yeyote, kumpinga Biden kwa sababu ya vita vya Gaza. Watu wengi walisahau kwamba nafasi hiyo huwa ipo na huwa inapigiwa. Mwaka 2012, bila kampeni yoyote na bila vita kama hivyo, ilipata karibu asilimia 11 dhidi ya Obama. Anayesoma asilimia peke yake angesema hakuna jipya. Kilichokuwa kipya ni idadi, maana 2012 walikuwa kama 21,000, na mahali zilikotoka.

Ndiyo maana nawasihi: mchujo ukiisha, acheni asilimia ya jimbo, fungueni matokeo ya mji au kata, wekeni kando ya yale ya Novemba iliyotangulia mahali hapohapo. Mara nyingi tarakimu za kila kituo hutolewa na ofisi ya uchaguzi ya kaunti, bure, baada ya kura. Aliye na saa moja na jedwali la kompyuta atapata habari ambayo mashirika makubwa hayana muda wa kuitafuta. Angalieni kwanza jumla ya waliojitokeza, halafu pengo, halafu vyama vidogo, halafu karatasi zilizoachwa tupu.

Fanyeni hivyo kwa Dearborn, mji wa Michigan wenye Waarabu wengi. Mwaka 2020 Biden alipata karibu asilimia 69 pale, Trump 30. Mwaka 2024 Trump alipata asilimia 42, Harris 36, Stein 18. Harris alibaki na nusu hivi ya kura za Biden. Waliosusa, waliokwenda kwa Stein na waliovuka wote wanaonekana kwenye mji mmoja, na ukijumlisha kupungua kwa upande mmoja na kuongezeka kwa upande wa pili, pengo limeyumba kwa takriban kura 20,000. Trump aliichukua Michigan kwa kura 80,000 hivi. Mji mmoja, kwa hiyo, umebeba kama robo ya pengo la jimbo lenye kaunti 83. Sijui mfano mwingine wa miaka ya karibuni ambapo hasira iliyooneshwa kwenye mchujo ilifuatika kwa wazi hivyo hadi Novemba.

Michigan ilikuwa na kura 15 za wajumbe. Trump alimaliza na 312. Mpeni Harris Michigan yote, Trump anabaki na 297.